Mitaala Mitatu Niliyokuambia Nimeisoma

Mwanaidi, shoga yangu,

Nimekaa kwenye meza ya kukunja, ile tuliyoipandisha wote kwa lifti hadi ghorofa ya kumi na mbili wewe ukicheka kwamba Wanyakyusa hatujui kubeba vitu. Watoto wako chumbani, wanabishana nani kamvunjia nani penseli. Zuhura wako yumo. Nimeamua kukuandikia mchana huu huu wakiwepo, kwa sababu nikisubiri nibaki peke yangu nitaishia kulia, na kulia nimeshalia sana bila kukueleza kitu.

Nina mambo mawili. La kwanza ulilijua, ila hukulisikia kinywani mwangu. La pili hukulijua kabisa, na ndilo linaloninyima raha hata nikiwa katikati ya watu.

Ngoja nianzie mbali kidogo, nipate nguvu.

Tulikutana kituo cha polisi hapa Guangzhou, tumekwenda kuandikisha makazi, na wote wawili tulikuwa tumesahau nakala ya mkataba wa nyumba. Ukaniambia, "Shoga, twende ukaitoe nakala na mimi nitoe, tukirudi foleni itakuwa fupi." Nilishtuka kidogo kuitwa shoga na mtu nisiyemjua; kwetu Tukuyu hatuanzi hivyo. Ulikuwa umemshika Zuhura mkono, ana miaka sita wakati ule, anahesabu vigae vya sakafu kwa sauti. Wangu, Tumaini na Lusajo, walikuwa wamekaa chini wanachezea viatu vyao. Mpaka tunatoka pale watoto walikuwa wameshakuwa ndugu, na sisi tulikuwa tumeshagundua kwamba tuna tatizo moja. Shule za wageni hatuziwezi. Shule za Wachina zinataka karatasi tusizokuwa nazo. Na hakuna kati yetu aliyetaka kuwapeleka watoto nyumbani wakalelewe na bibi zao na huku mama zao wako hai.

Basi tukaanza shule yetu hapa mezani. Mimi asubuhi niko soko la Zhanqian nachagua nguo za wateja wa Dar na Mbeya, mchana nafundisha hesabu, Kiswahili na Kiingereza. Wewe, mwalimu wa kemia kutoka Tanga uliyeletwa na skolashipu, ulichukua sayansi, Jumanne na Alhamisi, siku ambazo huna maabara chuoni. Hukuwa na kitabu. Ulikuja na vitambaa. Ulikwenda Kangle, kwenye mtaa wa mafundi cherehani, ukaokota mabaki yanayotupwa nje ya vyerehani, pamba, nailoni, jinzi, ukawapa watoto glasi tatu za maji na kuwauliza kipi kitakunywa zaidi. Lusajo alisema nailoni, kwa sababu inang'aa. Hukumwambia amekosea. Ulimwambia, "Tumbukiza tuone." Mimi nilikuwa jikoni nakaanga maandazi, nikazima jiko nikaja kutazama.

Vitabu nilivileta mimi. Ushirika wetu wa kanisa, tunaokusanyika kwenye ukumbi wa hoteli, ulikuwa na vitabu vya sayansi vya watoto wanaosomea nyumbani. Kila somo liliishia na aya ya Biblia ya kukariri. Sikuona shida yoyote, ndivyo nilivyosoma mimi. Wewe ulivitumia wiki tatu bila neno. Kisha siku moja ukaniambia tukiwa tunaosha vikombe. Maneno yako ninayo yote:

"Atupele, mimi sina ugomvi na aya zenu. Dini nitamfundisha Zuhura nyumbani kwangu, na wewe utawafundisha wako. Lakini jana kaniuliza kama jibu la swali la tano ni la kwetu au la kwenu. Sayansi haitakiwi kuwa na la kwetu na la kwenu. Tutafute mtaala usioegemea dini ya mtu, watoto wote watatu wakae mezani wakiwa sawa."

Nilikubali, na nilikubali kwa moyo. Nataka ujue hilo kabla sijafika kwenye mengine. Ule ulikuwa mwezi wa kuta kutoa jasho, wakati unyevu unaingia mjini na sakafu inateleza kama imemwagwa mafuta. Tumaini alikuuliza kwa nini ukuta unalia. Ukatoa glasi yenye barafu kwenye friji ukaiweka mbele yao, mkakaa kimya mnaitazama mpaka ikaanza kutoa matone nje, na Zuhura ndiye aliyesema, "Maji yako hewani, yanatafuta mahali pa baridi pa kukaa." Niliuona uso wako. Ulikuwa unamtazama mwanao kama mtu aliyepewa zawadi mbele za watu.

Ukaanza kutafuta. Wewe na kazi yako ya chuo na maabara yako ya vyakula, ukapata mitaala mitatu, ukachapisha sehemu za majaribio za kila mmoja, ukazifunga kwa uzi wa rangi tofauti, ukaniletea. "Soma taratibu," uliniambia. "Jaribu somo moja moja na watoto wako, kwa sababu mimi nawajua wakiwa darasani, wewe unawajua wakiwa wamechoka. Ijumaa ijayo uniambie upi."

Niliziweka juu ya kabati. Siku ya pili nikaweka juu yake sampuli za magauni. Siku ya tatu nikaweka mfuko mwingine. Msimu wa mizigo ya Pasaka, mteja wa Mbeya anabadilisha rangi kila saa, mimi mwenyewe nikiamka sijui nianze na nini. Ijumaa ukanipigia niko dukani Zhanqian, laoban, yule mama mwenye duka, ananitikisia mkono, "Meiyou, meiyou," hana saizi niliyoitaka, na nyuma yangu kuna watu wanasukumana. Ukaniuliza, "Umesoma?" Nikasema, "Nimesoma yote." Ukauliza, "Upi?" Nikasema, "Wa pili. Wa pili ndio mzuri."

Nilisema wa pili kwa sababu wa kwanza ungeonyesha sijafika mbali, na kwa wa tatu wewe ungeniuliza kwa nini.

Hilo ndilo jambo la pili, Mwanaidi. Nimelitanguliza kumbe. Nitalirudia.

La kwanza ni la mafua.

Wiki ile ile Mama Mchungaji alinikalisha baada ya ibada. Unamjua, yule mama mnene mwenye sauti ya upole. Lusajo alipolazwa mwaka juzi, yeye ndiye aliyenipikia siku nane mfululizo, na mume wangu yuko Dar hawezi kuja. Akaniambia wamepata chumba, wamama wawili watafundisha watoto wote wa ushirika sayansi na Biblia, Jumanne na Alhamisi. Akauliza, "Wako wataanza lini?" Nilikuwa na sekunde moja ya kusema kwamba wangu siku hizo wana mwalimu. Nilimwona usoni jinsi alivyofurahi. Nikasema, "Jumanne hii." Akauliza tena, "Na yule wa rafiki yako Mwislamu?" Nikajibu upesi upesi, "Yeye atasoma na mama yake."

Hivyo tu. Nilimtoa mwanao mezani kwa maneno matano, na meza ilikuwa yetu sote.

Jumatatu nikakutumia ujumbe kwamba watoto wana mafua, Jumanne tusisome. Alhamisi nikasema bado. Wiki iliyofuata nikasema yamerudi. Nilijua kwamba nitakueleza, nilikuwa nasubiri siku ambayo haitauma. Ulijibu kila mara, "Poleni, wapakae mafuta ya mchaichai kifuani." Mara moja ulinitumia sauti ya Zuhura akiwaimbia wapone. Niliisikiliza nikiwa kwenye treni ya chini ya ardhi, nikaifuta ili Tumaini asije akaikuta.

Alhamisi ya wiki ya tatu tulikuwa tunarudi kutoka kwenye lile darasa. Mlango wa lifti ukafunguka ghorofa ya kumi na mbili, na wewe umesimama mbele yetu na chupa ya chai, unasubiri kushuka baada ya kugonga kwangu bila kujibiwa. Watoto wana mabegi mgongoni. Wamejaa afya. Lusajo akakukimbilia, akasema, "Anti, leo tumechora safina."

Ulitazama mabegi. Ulitazama kile kitabu alichokishika Tumaini, ulikijua. Kisha ukanitazama mimi, si kwa muda mrefu.

"Naona wameshapona," ukasema. "Alhamdulillahi."

Ukanipa chupa. Nikasema, "Mwanaidi, ngoja." Ukasema, "Wape tu wanywe, tangawizi haimdhuru mzima." Ukaingia kwenye lifti. Sikuushika mlango. Nilikuwa na chupa mkono mmoja na mwingine ulikuwa mtupu, na sikuushika mlango.

Baada ya hapo nilikuandikia ujumbe mara nyingi nikafuta. Mmoja ulikuwa mrefu una sababu zote. Mmoja ulikuwa neno moja, "Samahani," nikauona ni mfupi mno. Jumapili moja nilikuona kwenye daraja la waenda kwa miguu pale Xiaobei, unakuja upande wangu umebeba mboga, nikaweka simu sikioni nikajifanya naongea na mteja. Nilisema kabisa, "Eeh, mzigo umeondoka." Hakukuwa na mtu kwenye simu. Ulipita. Ulinigusa bega kidogo ulipopita, kama mtu anavyomsalimia mtu aliye na shughuli.

Ile ndiyo mara ya mwisho.

Alhamisi iliyofuata mumeo, shemeji Bakari, alinipigia. Alisema umeanguka chuoni, mshipa umepasuka kichwani, na kwamba madaktari wamefanya walichoweza. Alikuwa anaongea polepole sana, ananitajia kila neno kama anayesoma karatasi ya mtu mwingine. Kisha akasema, "Shemeji, Zuhura yuko na jirani Mchina. Nenda kamchukue."

Walikuzika hapa hapa Guangzhou, kwenye makaburi ya Waislamu, siku ya pili yake. Mimi si wa dini yako, sikuweza kukuosha. Nilikaa koridoni pamoja na wanafunzi wenzako wa Zanzibar na Mombasa, nimeshika viatu vya Zuhura alivyovivua mlangoni. Wale wasichana walinipa pole kama ndugu. Mmoja akasema, "Alikuwa anakutaja kila siku, yule mwenzake wa shule ya watoto." Nikaitikia. Nilipokea pole za watu, Mwanaidi, kwa mtu niliyempita darajani.

Sasa nikwambie kilichotokea baada ya arobaini yako.

Shemeji alikuja kwangu na katoni moja. Alikuwa amekonda. Akasema, "Hizi ni karatasi zenu za shule, zimekaa tu." Hakujua lolote. Alidhani masomo yalisimama kwa sababu ya mafua na baadaye mitihani yako. Akaniambia mama yako Tanga anamtaka mjukuu, na yeye mwenyewe kazi yake ya mizigo pale Tianxiu haina saa za kutoka, makontena hayasubiri. "Lakini Mwanaidi alitaka Zuhura amalize mwaka huu hapa, na wewe. Nimekuja kukuuliza. Ukiweza, abaki mpaka Julai. Usipoweza, nimkatie tiketi wiki hii."

Nikasema naweza. Nilisema haraka vile vile nilivyozoea kusema mambo.

Alipoondoka nikafungua katoni. Mitaala yote mitatu ilikuwemo, nakala zako kamili, zimejaa kalamu ya kijani pembeni. Na juu kabisa karatasi moja ya daftari, mwandiko wako ule wa ubaoni, umeandika kichwa cha habari "Uamuzi". Chini yake:

"Mimi nilipenda wa tatu. Atupele amesoma yote, anapendelea wa pili. Yeye ndiye anayewajua watoto wakiwa wamechoka, na mimi napenda mno mambo ya maabara. Tuchukue wa pili. Nimeshaagiza."

Na mtaala wa pili ulikuwemo ndani ya katoni, mzima, vitabu vipya vya rangi, bado una karatasi ya mtuma mizigo.

Nilikaa sakafuni. Ile ya lifti uliiona mwenyewe, na ungeweza kunihukumu, na pengine ulinihukumu. Lakini hii ulikwenda nayo ukiiamini. Uliacha ulichokipenda kwa heshima ya maoni ambayo sikuwa nayo.

Nikaanza kusoma. Sijui kama ni adhabu niliyojipa au ni heshima, nilisoma. Siku tisa, kila nikitoka sokoni. Wa kwanza ni wa video tupu, na video zenyewe hazifunguki hapa China, uliandika pembeni, "Mzuri kwa wenye bahati." Wa pili, ule niliouita mzuri, ni vitabu vya kujaza nafasi zilizoachwa wazi. Una picha za kupendeza. Una somo zima la kukusanya majani yanayobadilika rangi kabla ya theluji. Watoto wetu theluji wameiona kwenye friji. Mtoto anaweza kuujaza wote bila kugusa kitu. Wa tatu hauna rangi. Umechapishwa kama karatasi za ofisini. Kila somo linaanza na kitu cha kutazama na swali la kumwuliza mtoto, na mahali pengi limeandikwa kwamba mzazi asijibu kwanza. Nilijaribu somo moja na Lusajo, la mwanga na kivuli, kwa tochi ya simu. Alipoona kivuli cha kijiko kinakuwa kikubwa kila kinaposogea karibu na taa, alinyamaza, na wewe unajua Lusajo hanyamazi.

Ulikuwa sahihi. Ningekuambia ile Ijumaa, kama ningesoma.

Jumamosi nilikwenda Tianxiu kwa shemeji. Sikuweza kumfundisha mwanao huku nimekalia uongo. Nilimkuta anafunga katoni kwa utepe wa gundi. Nikamwambia yote pale pale nimesimama, mafua, lifti, daraja, wa pili. Aliendelea kufunga katoni mpaka ikaisha. Kisha akakaa juu yake.

"Shemeji, unataka nikuambie nini?" akasema.

Nikamwambia aseme lolote.

"Mimi sina la kukusamehe. Uliyemkosea hayupo." Akafuta mikono kwenye suruali. "Siku ile alirudi hana chupa mkononi. Nilimwuliza chupa yangu ya kazini iko wapi, akasema ameisahau kwa Mama Tumaini. Basi ndiyo hiyo."

Nilitaka aniambie niondoke. Badala yake akauliza, "Jumatatu aje saa ngapi?"

Nikasema saa nane.

"Na chupa nirudishie," akasema.

Kutoka hapo nikaenda kwa Mama Mchungaji, nikamwambia watoto wangu hawatakuja tena Jumanne na Alhamisi, wana mwenzao, na tunafundisha sayansi isiyoegemea dini ya mtu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri. Alinisikiliza, akanimiminia chai. "Kwani ungeniambia tangu mwanzo ningekukatalia?" akaniuliza. "Wana Jumapili yao. Mimi sikukuambia umfiche mtu, Atupele. Nilikuuliza tu wataanza lini." Alisema bila hasira. Nilitembea kurudi nyumbani, Mwanaidi, vituo vitatu, kwa sababu sikuweza kukaa karibu na watu. Nilikuwa nimejipa hoja kwamba nilibanwa. Hakuna aliyenibana.

Zuhura alikuja Jumatatu. Amerefuka. Tukaanza na mtaala wa tatu, sura ya viumbe hai, na kama ulivyoandika kwa kijani, "Hapa tumia viwavi wa hariri, Wachina wanawauza kwenye maduka ya madaftari." Kweli wanawauza. Tulinunua ishirini kwenye kiboksi, majani ya mforosadi yanaletwa na kijana wa pikipiki. Tumaini anawapima kwa rula kila siku. Lusajo amewapa wote majina ya wachezaji wa mpira. Zuhura anawachora. Hawali kingine chochote, wanatafuna usiku na mchana, ukitega sikio unasikia kama mvua nyembamba. Wakajifunga nyuzi, tukasubiri, wakatoka vipepeo weupe wanene wasioweza kuruka. Wakataga mayai. Kisha wakaanza kufa, mmoja mmoja, kwenye kiboksi.

Lusajo akasema tuwape majani. Zuhura akamwambia, "Hawali. Hawana mdomo wa kulia. Tumesoma." Akaendelea kuchora. Kisha, bila kuinua kichwa, akaniuliza, "Anti, mama alikufa kwa nini?"

Nikasema kile ambacho watu wote wamemwambia. "Mungu amemchukua."

"Hilo baba kaniambia," akasema. "Nauliza ilikuwaje."

Nilikumbuka ulivyokuwa unafanya. Nikavuta kiti. Nikamwambia kwamba kichwani mwa kila mtu kuna mishipa inayopeleka damu, kama mabomba, na kwamba mshipa mmoja wa mama yake ulikuwa na mahali pembamba, na mahali hapo pakapasuka. Akauliza kama kulikuwa na mtu aliyejua. Nikasema hapana. Akauliza kama ilikuwa kwa sababu ya kusoma sana. Nikasema hapana. Akauliza yuko wapi sasa. Nikamwambia, "Hilo ni la kumwuliza baba yako, mama yangu, yeye ndiye wa kukujibu hilo." Akaitikia kwa kichwa. Alijua mpaka kati ya sayansi na dini uko wapi. Ulimfundisha.

Kisha akauliza, "Na yale mafua yenu yalikuwa ya kweli?"

Tumaini akanitazama. Nadhani Tumaini amekuwa akisubiri mtu aulize.

Nikasema, "Hapana. Nilimdanganya mama yako, na wewe nikakudanganya. Watoto hawakuwa wagonjwa. Niliwapeleka kwingine na niliogopa kusema. Nilikosea sana."

Zuhura alipaka rangi bawa moja mpaka mwisho.

"Mama alilia kidogo," akasema. "Jikoni. Akaniambia nisikuambie."

Nilimwomba radhi mtoto wa miaka minane mbele ya watoto wangu. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Haya," akaniomba kifutio.

Hivyo ndivyo tulivyo. Anakuja kila siku saa nane, anakula kwangu, baba yake anamchukua jioni. Siku nyingine ananikumbatia akiondoka, siku nyingine hanikumbatii. Sidai.

Sasa kuna jambo nataka tubishane, kwa sababu hatukuwahi kubishana kama watu wazima juu ya kazi hii. Mwisho wa mtaala wa tatu kuna sura ya mwili, moyo, damu na mishipa. Pembeni umeandika, "Hii iache mpaka wafike darasa la tano. Itawatisha." Wiki iliyopita Zuhura aliikuta. Aliisoma picha ile ya mishipa kwa kidole, kutoka moyoni mpaka kichwani, akarudi, akaenda tena. Akaniuliza tutaifikia lini.

Sikubaliani nawe, Mwanaidi. Safari hii nimeisoma, neno kwa neno, na nimeisoma nikimtazama yeye. Anachokiogopa ni kile asichokijua. Nilimwona jana amejishika shingo, anasikiliza mapigo yake, na uso wake umekakamaa. Lusajo akamwuliza anafanya nini, akasema, "Naangalia kama bado." Hatuwezi kumwacha abebe hilo mpaka darasa la tano, tena akiwa Tanga, mbali na sisi wote. Nimemwambia shemeji. Amesema atachukua ruhusa siku hiyo, akae naye mezani.

Kwa hiyo nakuahidi hili moja, siahidi mengine, nimeshakuahidi mengi nisiyoyatimiza. Kabla ya Julai, kabla hajapanda ndege kwenda kwa mama yako, Zuhura atajua kinachopita ndani ya shingo yake ni nini. Nitamwambia ukweli wote ninaoujua, na nisichokijua nitasema sikijui, tutakitafuta. Na akimaliza, nitamwacha auweke mkono shingoni kwangu, asikilize mapigo ya mtu mwingine, na kwa baba yake, na kwa Tumaini, na kwa Lusajo, ahesabu mwenyewe mpaka atosheke.

Kwaheri, mwalimu. Pumzika.

Atupele